Dawa za Uzazi Zilizobaki: Namna Kliniki Inavyoweza Kuzipokea na Kuzitumia Tena

Utungishaji wa mayai nje ya mwili, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la IVF, humlazimu mwanamke kununua dawa kabla haijajulikana mwili wake utaziitikia vipi. Daktari hupanga kipimo cha dawa kwa kutazama umri, akiba ya mayai na historia ya matibabu, duka la dawa huleta boksi nyumbani, na sindano huanza. Kufikia siku ya saba au ya nane, picha ya ultrasaundi huenda ikaonyesha kwamba vifuko vya mayai vinakua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kipimo hushushwa, na kalamu mbili za sindano za Gonal-f, dawa ya kukuza mayai, hubaki bila kuguswa. Mwanamke mwingine husitishiwa matibabu kwa sababu vifuko havikukua. Wa tatu amepata mimba, amefika wiki ya kumi au ya kumi na mbili, na ameambiwa aache projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ishike, akiwa bado na pakiti nzima kabatini. Wote watatu wana dawa ya thamani nyumbani, na duka lililowauzia halikubali kuirudisha.

Nchini Marekani, ambako mwongozo huu umejikita, dawa za mzunguko mmoja wa matibabu hugharimu dola elfu kadhaa, na wagonjwa wengi hawana bima inayozilipia. Si ajabu basi kwamba muuguzi wa kliniki ya uzazi hujikuta amefuatwa na mgonjwa mwenye mfuko mkononi, akimwomba ampe mwenzake asiyejiweza. Yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya muuguzi huyo, mfamasia wake na msimamizi wa kliniki, ingawa mgonjwa anayetaka kutoa atakuta humu mambo yanayomhusu. Kiini chake ni kwamba dawa iliyobaki ina thamani kadiri historia yake inavyojulikana. Mtu akishindwa kueleza ililala wapi tangu itoke dukani, ukarimu wake hauwezi kuirudishia nguvu iliyokwisha kupotea.

Sheria ya jimbo kwanza

Dawa ya cheti, yaani inayotolewa kwa maandishi ya daktari tu, ikishakabidhiwa mgonjwa huwa imetoka katika mnyororo unaosimamiwa na wenye leseni. Mgonjwa hana ruhusa ya kuiuza, na hata akimpa mwenzake bure bado amempa dawa ambayo hakuandikiwa. Kinachofungua mlango ni sheria za majimbo. Majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yamekwisha kupitisha sheria za kupokea na kugawa upya dawa zisizotumika, ingawa si yote yenye mpango unaofanya kazi kwa dhati. Iowa ina mpango uitwao SafeNetRx, ulioanza kazi mwaka 2007, ambao hupokea dawa zilizobaki, huzikagua na kuzipeleka kwa watu wasio na bima ya kutosha.

Kwa mambo makuu sheria hizi zinafanana. Kifungashio kiwe hakijafunguliwa na muhuri wake uwe mzima, tarehe ya kuisha muda iwe bado mbele, mfamasia au mtaalamu mwenye leseni aikague, anayepewa awe na cheti chake mwenyewe, na dawa isiuzwe. Aliyetoa na aliyepokea kwa nia njema hulindwa dhidi ya mashtaka. Zinapotofautiana ndipo panapowahusu watu wa uzazi zaidi, kwa sababu baadhi ya majimbo hayapokei kabisa dawa inayohitaji jokofu kutoka mikononi mwa mtu binafsi, na sehemu kubwa ya sindano za uzazi ni za jokofu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni barua kwa bodi ya famasia ya jimbo. Ulizeni kama kliniki isiyo duka la dawa inaweza kusajiliwa kuwa kituo cha kupokea, kama dawa za jokofu zinaruhusiwa na kwa masharti gani, na kama sheria inatofautisha dawa iliyokwenda nyumbani na ile iliyobaki ndani ya kliniki ikiwa na jina la mgonjwa. Takeni jibu la maandishi. Neno la simu halitawasaidia siku ya ukaguzi. Waonyesheni jibu hilo watu wa bima yenu ya kitaaluma, kisha andikeni utaratibu wa ndani unaomtaja kwa cheo mtu mmoja mwenye dhamana. Kwa maoni yangu, kliniki isiyo na mfamasia, hata wa saa chache kwa wiki, haifai kuanza kazi hii, kwa maana daktari ana haraka na muuguzi ana huruma, na ukaguzi wa dawa hauhitaji kimoja kati ya hivyo viwili.

Jibu likiwa hapana, bado mnaweza kumsaidia mgonjwa. Kampuni ya dawa ya EMD Serono ina mpango wa kupunguza bei kwa wenye kipato kidogo, kampuni ya Ferring ina mpango wa Heart Beat kwa wagonjwa wa saratani wanaohifadhi mayai kabla ya matibabu, na mpango wa Livestrong Fertility huwaunganisha wagonjwa wa saratani na punguzo la namna hiyo. Dawa za mipango hii hutoka moja kwa moja katika mnyororo rasmi, na ni vyema fomu zake zijazwe kabla hata ya kufungua kabati la dawa zilizotolewa.

Kinachopokelewa na kinachokataliwa

Tuanze na katazo lisilo na mjadala. Kalamu ya sindano iliyokwisha kuchomwa, hata mara moja, hata kama imebaki na uniti 600 kati ya 900, haipewi mtu mwingine. Kubadilisha sindano ya mbele hakusaidii, kwa sababu chembe za damu zinaweza kurudi ndani ya kalamu wakati wa kuchoma, na pamoja nazo virusi vya homa ya ini au VVU. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu kalamu za insulini zilizotumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja, na hoja ni hiyohiyo kwa kalamu za uzazi. Tena kalamu ya Gonal-f ikishaanza kutumika ina siku 28 tu. Wagonjwa wengi huumia kusikia haya, kwani kalamu iliyobaki nusu ndiyo inayouma zaidi kuitupa. Waelezeni sababu bila kuwafanya waone kwamba walitaka kudhuru mtu.

Kwa kalamu na katriji zisizofunguliwa, Gonal-f na mwenzake Follistim, nayo ya kukuza mayai, huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hadi tarehe iliyochapwa, au nje ya jokofu katika joto lisilozidi nyuzi 25 kwa muda usiozidi miezi mitatu. Hapa pana kosa linalojirudia: mtu huweka boksi kabatini kwa mwezi mzima, kisha hulirudisha kwenye jokofu akidhani hesabu imeanza upya. Hesabu ya joto la chumba hairudi nyuma. Boksi lililotoka nje tarehe 1 Machi mwisho wake ni tarehe 1 Juni, hata kama tarehe ya kiwandani inasema mwaka ujao, na mwisho huo ndio unaoandikwa kwenye lebo ya kliniki.

Menopur, dawa nyingine ya kukuza mayai, ni rahisi zaidi, kwa kuwa ni unga mkavu ndani ya kichupa na huvumilia kati ya nyuzi 3 na 25 hadi muda wake uishe, mradi ikingwe na mwanga kwa kuachwa ndani ya boksi lake. Kichupa chenye kifuniko cha plastiki ambacho hakijang'olewa hukaguliwa kwa macho bila shida. Unga uliokwisha kuchanganywa na maji yake hutumika papo hapo, kwa hiyo suala la kuutoa halipo. Hakikisheni tu kwamba maji ya kuchanganyia yamo ndani ya boksi. Watu huyatumia kwa kichupa kingine na kusahau.

Cetrotide ya soko la Marekani hukaa jokofuni na ndani ya boksi lake, kwa sababu mwanga nao huiharibu. Kazi yake ni kuzuia mayai yasiachiliwe mapema. Ikiwa dhaifu, mgonjwa atagundua siku ya uvunaji wa mayai kwamba mayai yamekwisha kutoka, na gharama ya sindano zote za siku zilizotangulia imekwenda bure. Kwa hiyo ipokeeni tu ikiwa haikuwahi kutoka kwenye ubaridi unaothibitishika.

Na sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, yaani homoni ya hCG kama Ovidrel? Hapa nashauri mkatae, hata pale sheria inaporuhusu. Lebo yake humpa mgonjwa siku 30 tu nje ya jokofu, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na dawa za kukuza mayai. Upande wa pili wa mizani kuna mwanamke aliyechomwa siku kumi, amelazwa kwenye meza ya uvunaji, na daktari anapovuta vifuko hapati yai hata moja kwa sababu sindano haikuwa na nguvu. Hali hiyo inajulikana katika tiba hii, na dosari ya sindano ya mwisho ni miongoni mwa sababu zake. Kuokoa sindano moja ya bei nafuu kwa kuhatarisha mzunguko mzima ni hesabu mbaya. Isitoshe, katika jimbo la New York hCG imewekwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na dawa za orodha hiyo hazipokelewi na mpango wa kawaida. Vivyo hivyo kwa testosteroni na kwa vidonge vya diazepamu ambavyo kliniki nyingine huwapa wagonjwa wa kutulizwa kabla ya kupandikiziwa kiinitete.

Vidonge vya letrozoli na klomifeni, vya kuchochea mayai, na vya estradioli, homoni ya kike, vinaweza kupokelewa vikiwa kwenye bamba la kiwanda au kwenye chupa ambayo muhuri wake haujatoboka. Maduka mengi ya Marekani humwagia vidonge kwenye chupa ya rangi ya kahawia yenye jina la mgonjwa. Hivyo havipokelewi, kwa sababu hakuna awezaye kuapa kilichomo ni kile kilichoandikwa.

Projesteroni inahitaji jicho la pili, la mzio. Ile ya sindano mara nyingi huwa ndani ya mafuta ya ufuta, na vidonge vya Prometrium vina mafuta ya karanga. Mgonjwa aliyeandikiwa projesteroni ya mafuta mengine na mzio wake ukajulikana asije akapewa ya ufuta kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa kwenye rafu. Andikeni aina ya mafuta kwenye daftari kando ya jina la dawa.

Dawa zilizotengenezwa kwa oda na duka la kuchanganya dawa, kama vile leuprolaidi iliyopunguzwa nguvu kwa oda, hazifai kupokelewa. Muda wake wa matumizi ni mfupi, na hazina namba ya bechi, yaani ya kundi la uzalishaji, ya kiwanda ambayo mtu anaweza kuifuatilia. Sindano tupu, mabomba na pamba za spiriti zilizo kwenye vifungashio tasa ambavyo havijafunguliwa ni jambo jepesi, na wagonjwa huzifurahia kuliko mnavyodhani.

Mahojiano kuhusu joto

Protini iliyopashwa moto au kugandishwa haibadiliki rangi wala harufu. Kimiminika hubaki safi, kalamu hubofyeka, na hakuna kipimo cha kliniki kitakachoonyesha kwamba nguvu imepungua. Ndiyo sababu mahojiano na mtoaji ni ukaguzi wenyewe, na si adabu ya kumpokea mgeni.

Muulizeni dawa ilifikaje nyumbani, na kama alikuwapo kuipokea au kifurushi kilikaa mlangoni mchana kutwa. Muulizeni ilikaa sehemu gani ya jokofu: mlangoni, ambako joto hupanda kila linapofunguliwa; kwenye rafu ya kati, ambako ndiko kunakofaa; au nyuma kabisa karibu na sehemu ya barafu, ambako inaweza kuganda bila mtu kujua. Muulizeni kama umeme ulikatika, kama alihama nyumba, kama alisafiri nayo. Kisha muulizeni amekuja nayo leo kwa njia gani. Boksi lililosubiri saa nzima ndani ya gari lililofungwa juani limepita nyuzi 25 zamani, hata kama lililala vizuri miezi yote iliyotangulia.

Swali lisiulizwe kwa namna inayoelekeza jibu. Ukimwambia mtu, “Uliihifadhi vizuri, sivyo?” atasema ndiyo, kwani nani atakubali mbele yako kwamba hakuwa mwangalifu? Mwambie akusimulie safari ya boksi tangu mlangoni kwake. Pale anaposema “nadhani” kuhusu dawa ya jokofu, chukulieni kwamba haijulikani, na isiyojulikana ikataliwe.

Siku ya kupokea

Mtoaji ajaze fomu fupi inayoeleza kwamba dawa ni yake, anaitoa kwa hiari, hapati malipo wala upendeleo wowote wa matibabu, hachagui itakwenda kwa nani, na anaelewa kwamba sehemu yake au yote inaweza kuharibiwa baada ya ukaguzi. Sharti la kutochagua mpokeaji ni zito kuliko linavyoonekana. Wagonjwa hufahamiana kwenye ukumbi wa kusubiri, na zawadi yenye jina huzaa deni, hasa pale mmoja anapopata mtoto na mwingine akakosa.

Msipokee dawa kwenye meza ya mapokezi. Mtu anayeleta boksi huenda amepata mtoto na ana furaha, lakini huenda pia mimba imeharibika wiki iliyopita, au ameamua na mumewe kwamba hawatajaribu tena, na kwake kuikabidhi dawa hiyo ni sehemu ya kuaga. Chumba cha faragha na dakika kumi za mtu asiyeangalia saa ni sehemu ya utaratibu huu kama ilivyo kipimajoto.

Baada ya hapo kazi ni ya karani zaidi kuliko ya tabibu. Jina la mtoaji na namba ya cheti hufutwa au kubanduliwa kwenye boksi bila kuziba tarehe na namba ya bechi. Dawa huwekwa kwenye rafu ya karantini ndani ya jokofu la dawa lenye kipimajoto kinachojirekodi, si lile ambamo wafanyakazi huhifadhi chakula cha mchana. Mfamasia huikagua, mtu wa pili huthibitisha, na daftari huandikwa: jina la dawa, nguvu, idadi, bechi, tarehe ya kuisha, tarehe iliyotoka jokofuni kama ilitoka, na namba ya siri inayoiunganisha na fomu ya mtoaji. Namba ya bechi ndiyo msingi wa daftari zima. Kiwanda kikitangaza kurudisha bechi fulani, duka la dawa litampigia simu mnunuzi wa kwanza, ambaye hana tena hiyo dawa. Ni daftari lenu peke yake linaloweza kumfikia aliyechomwa. Kwa hiyo mtu mmoja awe anapitia matangazo ya FDA ya kurudisha dawa na kuyalinganisha na rafu na daftari kila wiki.

Kugawa bila rafu kuongoza matibabu

Anayestahili kupewa apatikane kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya dawa kuingia, na si kwa kukumbukwa na muuguzi. Kutokuwa na bima ya dawa za uzazi na kipato kidogo ni vigezo vya kawaida. Mgonjwa wa saratani ambaye matibabu yake ya kemikali yanasubiri anastahili kutangulia, kwa kuwa ana takriban wiki mbili tu za kukuza na kuvuna mayai na hana nafasi ya kukusanya fedha.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote hapa haimo ndani ya kichupa. Ni daktari kuandika kipimo kwa kutazama kilichopo kabatini. Kuna kalamu tatu za uniti 300, basi mgonjwa anaanzishiwa uniti 150 kwa siku ingawa mwili wake ungehitaji 225. Au anaongezewa siku moja ya dawa kwa sababu boksi linakaribia kuisha muda. Ili kuzuia hilo, daktari aandike mpango wote na kuutia sahihi kwanza, bila orodha ya rafu mbele yake, kisha mfamasia aangalie ni sehemu gani ya mpango huo inaweza kujazwa na dawa zilizotolewa. Sehemu isiyojazika hununuliwa. Mgonjwa aambiwe mapema ni kiasi gani kitabaki mfukoni mwake kulipia, kwa sababu msaada unaomfikisha nusu ya mzunguko na kumwacha hapo ni mzigo mpya. Kama atatumia kalamu za aina mbili tofauti, afundishwe zote mbili kwa mkono, maana ya Gonal-f na ya Follistim hazifungwi wala kupimwa kwa njia moja.

Mpokeaji atie sahihi ridhaa inayosema wazi kwamba dawa ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, kwamba imekaguliwa kwa macho na kwa maelezo, na kwamba nguvu yake haikupimwa maabara. Ana haki ya kukataa bila kupoteza nafasi yake kwenye matibabu. Dawa hiyo haitozwi wala haipelekwi kwa bima yake; majimbo mengine huruhusu ada ndogo ya kushughulikia, na hiyo ikitozwa ionekane kwenye stakabadhi kwa jina lake. Ikiwa kipimo cha damu cha estradioli hakipandi kama ilivyotarajiwa, timu ikumbuke kuuliza kama dawa ni ya kutolewa kabla ya kuhitimisha kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliogoma. Swali hilo linapaswa kuwepo kwenye jalada lake tangu siku ya kwanza.

Kupunguza mabaki yenyewe

Mpango bora wa kutumia tena dawa ni ule unaokosa dawa za kutumia tena. Sehemu kubwa ya mabaki huzaliwa siku ya oda ya kwanza, pale kliniki inapoagiza dawa za siku kumi na mbili kwa mtu ambaye huenda akahitaji tisa. Agizeni za siku sita au saba, kisha ongezeni baada ya ultrasaundi ya pili, mkiwa na makubaliano na duka la dawa la kufikisha ndani ya siku moja. Kwa mgonjwa anayeishi mbali hilo huwa gumu, na hapo kliniki inaweza kuweka akiba yake ndogo ya kuazimisha ili asikwame mwishoni mwa wiki.

Uholanzi wamekwenda hatua nyingine. Katika hospitali nne, wagonjwa wa saratani wanaomeza dawa za gharama kubwa walipewa dawa zao ndani ya mifuko iliyofungwa na yenye kihisi joto, na zile zilizorudi bila kufunguliwa zikakaguliwa na kutolewa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 na kuonyesha kwamba upotevu ulipungua sana. Wazo hilo linafaa moja kwa moja kwa kalamu za uzazi. Kihisi kidogo kikibandikwa kwenye boksi siku linapotoka, mahojiano niliyoyaeleza hapo juu yanakuwa ya kuthibitisha tu, kwa kuwa boksi lenyewe linabeba ushahidi wake.

Kwa anayefikiria kuzituma nyumbani

Waswahili waishio Marekani na Ulaya wamezoea kubeba kwenye sanduku kila kitu ambacho jamaa wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anakihitaji, na dawa za uzazi, kwa bei yake, huingia haraka kwenye orodha hiyo. Kwa hili naomba mtu asite. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, inasema kwamba dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa na kurudishwa haipaswi kutumwa nchi nyingine kama msaada, na kwamba dawa inayotumwa iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika. Kuingiza dawa za msaada Tanzania kunahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Zaidi ya karatasi, kuna joto lenyewe. Nyuzi 25 zinazoandikwa kwenye boksi kama joto la chumba ni joto la chumba cha Ulaya. Huko Pwani, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mwezi Februari, na umeme ukikatika jokofu nalo linafuata. Kama shemeji au binamu anatibiwa huko, fedha iliyotumwa kwa kliniki yake ili inunue dawa iliyokaa kwenye mnyororo baridi wa huko itamfaa kuliko kalamu iliyosafiri saa ishirini ndani ya soksi.

Zilizokataliwa

Dawa zilizokataliwa zisirudishwe kwa mtoaji aende nazo nyumbani, kwa kuwa atampa mtu mwingine au kuziuza mtandaoni. Kliniki iziharibu kupitia kampuni inayochukua taka zake za dawa, na daftari liandike tarehe na mashahidi wawili. Mgonjwa ambaye hataki kuzileta kliniki anaweza kuzipeleka kwenye kituo cha kurudisha dawa kilicho kwenye duka la dawa au kituo cha polisi, au kusubiri siku za kitaifa za kukusanya dawa zinazoandaliwa Aprili na Oktoba na DEA, idara ya kudhibiti dawa za kulevya. Vituo hivyo havipokei sindano. Kalamu iliyotumika ing'olewe sindano yake ya mbele, na sindano hiyo itumbukizwe kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, kama vile chupa ya sabuni ya kufulia, kitakachofungwa kikifika robo tatu na kupelekwa mahali ambapo kaunti imeelekeza.